Jina lililofutwa kwa tupa: mfua fedha wa Kitengela na taa ya Hanuka

Ni saa tatu asubuhi, umeme umerudi Kitengela, na Evalyne Mutindi hana nafasi ya kupiga gumzo. Anavuta kigoda kwa mguu, anawasha mashine ya kung'arishia na kuinamia kipande cha fedha kisichozidi upana wa kiganja chake. Nje, lori la mchanga linarudi kinyumenyume, na mwenye duka la simiti anamfokea dereva kwa Kikamba. Evalyne hainui kichwa.

Kipande kinatoka kwenye mashine kikimetameta. Anakipindua, anachukua muhuri wa chuma na kuugonga nyundo mara moja tu. Kisha anakisogeza dirishani ili mgeni wake aone. Ni jina lote: MUTINDI.

"Zamani nilikuwa napiga herufi mbili, basi," anasema. "Siku hizi naandika yote. Mwenye kutaka kulifuta, wacha atoe jasho."

Hatanii. Uso wake haucheki hata kidogo.

Evalyne, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mfua fedha. Katika kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Namanga, yeye na mwenzake Muthoki hutengeneza hereni, bangili na pete za harusi. Mwezi mzuri humpa kama shilingi elfu arobaini. Mwezi mbaya, hata kodi ya kibanda huwa ni vita.

Lakini kazi iliyompa sifa, na iliyomletea ugomvi ambao haujaisha hadi leo, ni hanukia. Hizo ni taa ambazo Wayahudi huwasha majumbani mwao wakati wa Hanuka, sikukuu ambayo wengi wameisikia kanisani kwa jina la Kutabaruku. Taa nane husimama kwenye mstari mmoja, usawa mmoja. Ya tisa hutengwa kidogo, aghalabu kwa kuinuliwa. Hiyo huitwa shamashi, yaani mtumishi, na ndiyo inayotumiwa kuziwasha zile nyingine.

Evalyne ni muumini wa kanisa la mtaani kwao na hajawahi kukanyaga sinagogi. Babu yake huko Kangundo alikuwa akifua mikufu ya shaba ya masikio, ila alifariki kabla mjukuu hajajifunza lolote kutoka kwake. Fedha aliijia kwa mlango wa nyuma, akiwa na ufagio mkononi.

"Nilikuwa nashona kwa kiwanda cha nguo pale Athi River. Wakatupunguza," anasimulia. "Nikapata kibarua cha kufagia kwa sonara mmoja Mhindi, Ngara. Vumbi la sonara halitupwi, ndani yake kuna dhahabu. Unafagia polepole, unachekecha, unamrudishia."

Macho ya mzee yule yalipoanza kufifia, alimwita mfagiaji wake amshikie mwali wa gesi. Baadaye akamwachia koleo. Baadaye tena akamwachia kazi nzima. Alipofunga duka, alimuuzia vifaa vyake kwa bei ya kutupa, na Evalyne akavihamishia Kitengela.

Hapo ndipo Caro Ndung'u alipomkuta.

Caro ana jumba la sanaa katika mtaa wa kifahari jijini Nairobi. Alikuja mara ya kwanza kutengenezewa kifungo cha mkufu, akaipenda kazi, akarudi na oda. Kwa miaka sita akawa mteja mkubwa wa kibanda kile. Kazi ilipotoka Kitengela ilifungwa kwa karatasi laini na kuwekwa kwenye vioo vyenye taa, na Evalyne hakuuliza mengi. Alikuwa akilipwa, na mwanawe Mbithi alikuwa anakaribia kujiunga na chuo cha ufundi mjini Kajiado.

Mwaka jana Caro alileta oda ya aina nyingine. Mteja wake alitaka hanukia ya fedha, ya kisasa, isiyofanana na zile zinazonunuliwa mtandaoni. Alitaka kitu cha hapa.

"Akaniambia sheria zake: nane ziwe sawa, ya tisa itengwe, ziwe za mafuta. Nikamuuliza, sasa ikae namna gani? Akasema, 'Evalyne, mimi sina fikira yoyote. Nitolee kitu.'"

Muthoki, aliyekuwa akipiga msasa pembeni siku ile, anaitikia kwa kichwa. "Nilisikia na haya masikio," anasema. "Nitolee kitu. Ndivyo alisema."

Evalyne alikaa wiki nzima bila kutoa kitu. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na mabomba ya mtaa wake yalikuwa yamekauka. Kila alasiri alifunga kibanda na kwenda kupanga foleni kwenye kioski cha maji, kama kila mwanamke wa Kitengela ajuavyo. Siku moja akawa wa mwisho kwenye mstari. Akaitazama ile mitungi ya plastiki ya manjano imepangwa mbele yake, yote kimo kimoja, na mfereji wa kioski, ule wa kufungulia maji, umesimama juu yake.

"Caro alikuwa amenisimulia ile hadithi yao. Hekalu lilinajisiwa, wakalisafisha, wakapata mafuta ya siku moja tu, yakawaka siku nane. Nikajiambia, lakini hiyo sisi tunaielewa! Mtungi mmoja wa lita ishirini unapika nao, unaosha watoto, unafua, na yale machafu ya mwisho unamwagia sukumawiki. Mtu wa Kitengela hahitaji kufafanuliwa kitu kidogo kukaa siku nyingi."

Akachora kwa chaki sakafuni. Mitungi minane midogo ya fedha, kila mmoja na kishikio chake na mdomo wa kuwekea utambi, imejipanga kwenye ubao mwembamba. Upande mmoja, bomba lililopinda likainuka juu ya yote na kuishia kwa mfereji. Huo mfereji, wenye utambi wake mdomoni, ndio shamashi.

Ilimchukua karibu miezi miwili. Chini ya mtungi wa mwisho upande wa kulia, ule unaowashwa usiku wa kwanza na kila usiku unaofuata, aligonga herufi zake mbili, E.M. Muhuri huo alikuwa ameuchonga mwenyewe kutoka kwa valvu ya injini ya lori.

Caro alipoiona alimkumbatia. Akalipa yote siku hiyohiyo.

"Hilo sitadanganya," Evalyne anasema, akiweka nyundo chini. "Pesa yangu alinipa yote. Ndiyo maana watu wengine wananiuliza, sasa Mama Mbithi, unalia nini?"

Alichokuwa analilia alikijua Desemba iliyopita. Moses, mwendesha bodaboda anayebeba mizigo ya Caro, alifika kibandani na kifurushi. Ujumbe ulikuwa mfupi: mtungi mmoja unavuja mafuta, rekebisha leo, mteja ana haraka.

Evalyne aliifungua hanukia yake kwa furaha, kama mtu anayemwona mtoto aliyekuwa shule ya bweni. Akajaza mafuta mtungi wa kulia. Tone likatokea chini. Akaupindua.

Herufi zake hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na mikwaruzo ya tupa, na juu ya mikwaruzo hiyo muhuri mpya: C.N. Aliyefanya kazi ile alikuwa amekwangua fedha mpaka ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha akagonga. Fedha ikapasuka.

"Nilitoka nje nikakaa juu ya mawe ya mjengo," anasema. "Muthoki akaniuliza niko na shida gani. Ningefungua mdomo ningetukana, na mimi si mtu wa kutukana."

Mtu akikuibia kuku, utapiga kamsa na majirani watakuja na rungu. Lakini aliyechukua tupa, akaketi chini, akakwangua jina la mwanamke kutoka kwa kazi aliyoitungia kwenye foleni ya maji, huyo kamsa yake inapigwaje? Utamwambia jirani umeibiwa nini? Herufi mbili?

Evalyne alipanguza machozi, akampigia Caro simu. Muthoki alikuwepo, na simu ilikuwa na sauti kubwa.

"Evalyne, usifanye hii kitu ikuwe kubwa," Caro alisema. "Huo ni muhuri tu. Wateja wanataka kujua jumba, hawataki kujua fundi."

"Kama ni muhuri tu, mbona hukuuacha?"

Kisha Caro akasema maneno ambayo Evalyne anayarudia bila kukosea: "Ziba hapo panapovuja, acha muhuri wangu, Moses aichukue saa kumi. Ama usahau kazi yangu."

Si mzaha kuambiwa hivyo wakati zaidi ya nusu ya chakula chako inatoka kwa mtu mmoja. Karo ya Mbithi ilitoka huko. Kodi ilitoka huko. Muthoki naye ana watoto wanne na mume aliyeumia mgongo.

"Nilimwambia azibe tu," Muthoki anakiri. "Nilisema, dada, tuzibe, tule. Akaniangalia. Akaniambia, 'Muthoki, leo amefuta langu. Kesho utachonga kitu chako, naye atafuta lako, na mimi nitakuwa nimemfundisha njia.'"

Hanukia ikakaa mezani bila kuguswa. Saa kumi ilikuwa haijafika wakati gari dogo la kijivu lilipoegeshwa nje na mzee mmoja akashuka, kofia ndogo ya kusokotwa kichwani.

Alikuwa Samuel Mugo, mpima ardhi mstaafu anayeishi Kisaju. Yeye na mkewe Muthoni wanatoka katika familia za Wayahudi wa eneo la Kati mwa Kenya, na yeye ndiye aliyeagiza hanukia ile. Usiku wa kwanza wa sikukuu mafuta yalichuruzika kwenye kitambaa cha meza. Akairudisha Nairobi. Alipopiga simu kuulizia, kijana wa dukani akaropoka kwamba iko Kitengela kwa fundi, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mzee akashangaa. Kitengela ni hapa tu, jirani yake. Akaona aje mwenyewe.

"Hodi hapa. Ni wewe fundi wa Caro?"

"Karibu, Mzee. Mimi si fundi wa Caro. Mimi naitwa Mutindi."

Mzee Samuel aliiona taa yake mezani, na pembeni yake kipande cha ubao wenye mchoro wa kwanza wa mitungi. Akaviangalia vyote viwili kwa zamu.

"Caro aliniambia aliichora yeye," akasema polepole. "Alisema alikuwa anakumbuka utoto wake, akitumwa maji."

Hapo Evalyne alicheka, na anasema kicheko hicho kilimtisha hata yeye mwenyewe. "Utoto gani, Mzee? Huyo alilelewa kwa nyumba iko na mfereji jikoni na mwingine bafuni. Mimi ndiye nilipanga laini."

Akamweleza yote. Akampindulia mtungi, akamwonyesha mikwaruzo.

Isidhaniwe kwamba mzee alimkumbatia papo hapo. Alikasirika, na mwanzoni haikujulikana alimkasirikia nani. Alikuwa amewaambia ndugu na marafiki kwamba nyumba yake ina kazi ya Caro Ndung'u. Walikuwa wamealikwa kuja kuiona usiku wa mwisho, taa zote nane zikiwaka.

"Unaweza kuziba?" akauliza.

"Naweza. Lakini kiraka nitakachoweka kitakuwa na jina langu. Kama hutaki, uichukue hivyo ilivyo, na sitakudai chochote."

Mzee Samuel akatoka nje. Walimwona akitembea huku na huku kati ya marundo ya kokoto, simu sikioni, akizungumza Kikikuyu na mkewe. Aliporudi alikuwa ameivua miwani yake.

"Mutindi, mke wangu amenigombeza," akasema. "Ananiuliza, sikukuu hii ni ya nini? Ni ya kusafisha mahali palipochafuliwa. Sasa tutawashaje taa ambayo chini yake kuna uwongo? Weka jina lako."

Evalyne alikata kile kitako kilichopasuka pamoja na muhuri wake, akakata kipande kipya cha fedha, kinene zaidi, akakilehemu. Kisha akachukua muhuri wa herufi mbili, akauangalia, akaurudisha kwenye mkebe. Alitumia mihuri midogo ya alfabeti ambayo huandikia majina ndani ya pete za harusi. Akagonga herufi moja moja mpaka jina likatimia.

Moses alipofika saa kumi, alikuta meza tupu. Evalyne alimpa kile kitako cha zamani amrudishie mwenyewe. "Mwambie muhuri wake ndio huo. Uko mzima."

Usiku wa mwisho wa Hanuka alialikwa Kisaju, akaenda na Muthoki. Jua lilipozama Mzee Samuel aliuwasha ule mfereji, akaimba baraka, na kwa kijiti kilichochukua moto wake mitungi yote minane ikashika, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto. Kisha akawaambia wageni taa ile imetengenezwa na nani. Hakupunguza wala kuongeza neno. Mgeni mmoja, mwanamke aliyewahi kununua vitu vingi kwa Caro, aliuliza kwa sauti ya chini kama bangili aliyovaa nayo ilitoka Kitengela. Evalyne aliitazama. Ilikuwa yake.

"Sikulala nikifurahi," anasema. "Watu wanadhani nilifurahi. Nilihesabu kichwani vitu vyote nimepeleka pale miaka sita. Vyote viko kwa mikono ya watu na jina la mtu mwingine."

Caro alitimiza ahadi yake. Hakuna oda nyingine iliyokuja, na maduka mawili ya Nairobi yaliyokuwa yakinunua hereni yakaacha kupokea simu. Evalyne alikuja kuambiwa kwamba habari iliyokuwa ikienezwa ni kuwa yeye ni fundi anayeiba wateja. Kwa miezi kadhaa Mbithi alikaa nyumbani bila kurudi chuoni, akibeba mawe kwenye mijengo ya mtaani.

Alipotafutwa kwa simu, Caro hakukana kwamba Evalyne ndiye aliyeitengeneza taa. Alishangaa tu kwamba hilo ni jambo la kuulizwa.

"Fundi wa mjengo akimaliza nyumba, huwa anaandika jina lake kwa ukuta?" alisema. "Mimi nilinunua fedha, mimi nikatafuta mteja. Hiyo ni kazi ya nyumba yangu. Ndivyo biashara inaendeshwa, na si mimi pekee."

Katika hilo la mwisho hakosei, na ndilo linalouma zaidi. Ukiteremka barabara hii hadi Namanga utawakuta kina mama wa Kimaasai wakiuza shanga kwa jumla kwa wafanyabiashara watakaozibandika majina ya maduka yao kabla hazijafika mjini. Mama aliyekaa juani akitunga ruwaza ile hatatajwa popote. Ataitwa tu "mikono ya Kiafrika," kana kwamba mikono hiyo haina mwenyewe.

Evalyne aliposomewa maneno ya Caro, alijibu bila kufikiri. "Nyumba iko na mchoraji na iko na mjenzi. Mimi nilichora, mimi nikajenga. Yeye alileta simiti."

Picha ya hanukia ilikuwa ikionyeshwa kwenye ukuta wa jumba la Caro, chini yake jina la Caro. Mzee Samuel alikwenda mara mbili kudai isahihishwe. Mara ya kwanza aliambiwa litashughulikiwa. Mara ya pili alikuta picha imeondolewa na ukuta umepakwa rangi.

"Unaona?" Evalyne anauliza, na sauti yake inapanda mpaka Muthoki anasimamisha msasa. "Wameona afadhali kuitoa kuliko kuandika Mutindi. Jina langu lina ukoma?"

Lakini wageni wa usiku ule wa Kisaju hawakusahau. Mmoja aliagiza kikombe cha fedha cha kubarikia divai siku ya Sabato. Mwingine, kutoka Nyandarua, aliagiza hanukia, ndiyo hii ambayo kipande chake kinang'arishwa leo. Haina mitungi. Evalyne hataki kurudia. Hii ina milingoti ya uzio, mfano wa nyaya zinazoikata mbuga ya Kitengela vipande vipande vya ploti, na juu ya kila mlingoti kuna kikombe cha mafuta.

Mbithi amerudi chuoni. Mzigo haujawa mwepesi, ila unabebeka.

Mpango wake ni kukodi chumba kinachotazama barabara kuu kabla ya mwaka kuisha, yeye, Muthoki na wafua fedha wengine wawili kutoka Kware, Rongai. Kila mmoja atakuwa na muhuri wake, na majina yote manne yataandikwa kwenye ubao wa nje kwa herufi za ukubwa mmoja. Muthoki tayari amechonga wake. Bado anaona haya kuutumia, kwa hiyo anaujaribisha kwenye vipande vya bati.

Evalyne angependa pia kwenda Namanga. Amezungumza na kina mama wachache wa shanga kuhusu kushona alama ndogo ya mtungaji ndani ya kila mkufu. "Wengine wananiambia mfanyabiashara atazikata. Nawaambia, wacha akate. Lakini akate akijua anakata nini."

Simu yake inaita. Ni mwanamume mwenye duka la zawadi Nairobi, ameisikia sifa ya taa za fedha, anataka nyingi, anauliza za jumla zinakwenda vipi. Evalyne anamsikiliza hadi mwisho. Anajipangusa mkono kwenye aproni, anaihamishia simu sikio la pili.

"Bei tutaelewana, ndugu yangu," anamwambia. "Tuanze na jina."

Upande wa pili mtu yule anauliza ni jina gani, naye anamwambia ni lake, litakalokaa chini ya kila taa. Evalyne anangoja, nyundo mkononi, jibu lake.